Maji Matamu ya Mama Kulwa

Nilipopata habari kwamba Baba Kulwa amefariki, kitu cha kwanza nilichokihisi hakikuwa huzuni. Nilihisi nafuu. Nasema hivyo bila kuona haya, maana nimechoka kuona haya kwa mambo ambayo sikuyatenda. Kwa karibu miaka ishirini nilikuwa nimebanwa na ahadi kwamba sitafungua mdomo maadamu mzee yule yuko hai, na mimi, pamoja na ulimi wangu huu ambao hata watu wa kwetu Tanga wanaulalamikia, ahadi nikiitoa siivunji. Aliyenipigia simu ni Shija, binti yake wa mwisho, ambaye nilipomwona mara ya mwisho kichwa chake kilikuwa hakijafika kimo cha meza. Sauti ya mwanamke mzima ikaniambia kwamba mama yake ameagiza niitwe, na kwamba nisibembelezwe, nitakuja tu. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi Korogwe, na njia nzima nilikuwa najipangia maneno ya kwenda kumwambia Mama Kulwa. Yalikuwa maneno makali na niliona nina haki nayo yote.

Mwaka ninaousimulia, Bariadi ilikuwa bado wilaya tu ya mkoa wa Shinyanga, na mimi nilikuwa binti, mwalimu mpya wa historia, nimetoka chuoni na sanduku la bati na kiburi kingi. Sikuiomba Bariadi, nilipangiwa. Nikapanga chumba cha uani kwa Mama Kulwa, chumba chenye dirisha moja lililotazama jiko la nje, kwa hiyo kila lililosemwa jikoni nililisikia, nitake nisitake. Asubuhi ya kwanza Mama Kulwa aliniwahi kwa "Mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na mimi, nisijue pa kushika, nikamjibu "Marahaba", mtu mwenye umri wa kunizaa. Alicheka akashika ukuta. Kisha akanifundisha kuitikia kwa adabu na kumwita mayu, yaani mama, akaniwekea matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga kwenye sahani, akanipikia chai. Ilikuwa chai nzuri. Nilipoisifu aliniambia kwamba ameipika kwa maji matamu.

Maji ya bomba pale mtaani yalikuwa ya chumvi. Sabuni haikutoa povu, chai ilikuwa na ladha ya msumari, na mgeni alihitaji muda kuyazoea. Kwa hiyo mvua ziliponyesha, kila nyumba ilikinga maji ya bati, na nyumba yetu ilikuwa na chombo cha kuonewa wivu: pipa kubwa la bluu, limekatwa juu, limewekwa kwenye matofali chini ya mfereji wa paa. Baba Kulwa alilinunua mnadani. Maji yake hayakuguswa ovyo. Yalikuwa ya uji wa watoto, ya chai ya mgeni, na ya mgonjwa kumezea dawa. Mama Kulwa na mumewe walikunywa ya chumvi na hawakulalamika, kwa sababu mzazi ndivyo anavyotakiwa kufanya, ajinyime ampe mtoto. Mimi nilipewa ya pipa siku ile ya kwanza tu, baadaye nikawa mtu wa nyumbani, nikaingia kwenye chumvi pamoja na wengine.

Kabla juma halijaisha nilijua pia kwamba nyumba ile ina kilio. Mama Kulwa alizaa mapacha, Kulwa na Doto, kisha akamzaa Shija, jina ambalo Wasukuma humpa anayewafuata mapacha. Doto alikuwa amekufa katika mvua za mwaka uliotangulia, hata shule hajaanza. Niliyasikia hayo kwa vipande, kupitia dirisha, wanawake wakichambua mchicha. Alianza kwa kutapika, akatokwa na mate na jasho, akatetemeka, akapata nafuu, akaanza tena. Walimlaza hospitali, na siku aliyokufa mama yake hakuwapo kitandani. Alikuwa amekimbia nyumbani kumpikia uji. Alirudi na chupa ya uji mkononi akakuta amefunikwa shuka. Kulwa akapelekwa kijijini Zagayu kwa bibi yake, kwa hofu kwamba pacha asije akamfuata mwenziwe. Baba Kulwa ndiye aliyeumia vibaya zaidi. Baada ya mazishi ndugu zake walimkuta kwenye shamba lake la pamba huko Zagayu ameshika kamba, wakawa wanalala naye kwa zamu mpaka mavuno. Akabaki Shija, wa miaka minne, na nyumba nzima ilikuwa inamsikiliza anavyopumua.

Sasa kioo cha samaki, kilichokuja kuniharibia jina, kiliingia vipi maishani mwangu? Sisi watumishi tukihamishwa huwa tunauza sebule nzima, makochi, friji, hadi mapazia, maana kusafirisha ni ghali kuliko kununua upya. Bwana Mushi, afisa ardhi, mtu wa Moshi, alihamishiwa Mtwara, na watu wakamiminika kwake wakabeba kila kitu isipokuwa tangi la kioo la kufugia samaki. Mama mmoja aliuliza kama ni kabati la maandazi, alipoambiwa ni la samaki wa kutazama akaenda zake. Mimi nililipenda hapo hapo. Nilikuwa na upweke, nitasema ukweli. Jioni za Bariadi zilikuwa ndefu, na nilitaka kitu chumbani kwangu kinachotembea. Mushi akanipa bure, na pampu yake ndogo ya hewa, akacheka, akaniambia nitamkumbuka.

Samaki wa mapambo hawakuwapo Bariadi wala mji wa jirani. Jumamosi nikaenda Lamadi, kando ya ziwa, kwa watu wanaouza chambo. Pale ziwani kuna samaki wadogo waitwao furu, ambao wavuvi huwatunga hai kwenye ndoano kuvulia sangara, na kwenye ndoo zao niliwaona wenye mapezi mekundu na ubavu wa samawati, wazuri kuliko chochote nilichowahi kuona pwani. Wauzaji waliuliza kama mwalimu anakwenda kutega sangara Bariadi, kule kwenye ng'ombe. Nilipowaambia nakwenda kuwatazama tu, mmoja alimwita mkewe aje anisikie nikirudia. Nilirudi na ndoo mapajani, nimeloa hadi miguuni, nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu nifike.

Makosa nilianza kuyafanya kabla samaki hawajatua. Nililiosha tangi kwa sabuni ya unga, na mchanga nao nikaupiga sabuni, kwa usafi wetu ule watu wa Tanga wa kujionyesha. Mama Kulwa aliponiona najaza maji ya bomba akasikitika. Akasema hao ni viumbe vya ziwani, wamezoea maji matamu, chumvi hii itawaua. Akanijazia mwenyewe kutoka kwenye pipa lake, ndoo kwa ndoo, wakati huo Shija amening'inia kwenye kanga yake akiuliza samaki wanalala wapi. Kesho yake mchana wote walikuwa wameelea. Kabla ya kufa walizunguka kama wamelewa, wakagonga kioo, wakalala ubavu. Nilimpigia Mushi simu, akacheka mpaka nikaona anamaliza salio langu, akasema nimewaogesha samaki kwa sabuni. Basi nikaamini ni sabuni.

Mara ya pili sikutumia sabuni. Pipa lilikuwa karibu kukauka juma lile, kwa hiyo nilijaza maji ya chumvi kwa shingo upande, na ajabu, samaki walikaa vizuri. Nikawaharibia mwenyewe kwa upendo. Niliwapa ugali asubuhi, ugali mchana, na Shija naye akawapa wa kwake kwa siri, mpaka maji yakawa meupe na yananuka. Nikashtuka, nikayamwaga yote, na kwa kuwa mvua kubwa ilikuwa imenyesha, nikajaza maji matamu tupu. Hawakumaliza siku. Safari hii Mushi hakucheka. Aliniuliza nimebadilisha nini, nikamwambia nimeosha mchanga, nimeacha ugali, nimemwaga maji, nimeweka mengine. "Mwalimu," akasema, "badilisha kitu kimoja tu, tena kidogo, halafu ngoja. Ukibadilisha manne kwa mpigo hutajua kamwe lipi limeua." Akanielekeza nibadilishe jagi moja moja tu la maji, na chakula kiwe punje za dagaa wa kusaga, kinachomalizika wakiwa bado wanakitafuta.

Katika mvua zile zile Shija aliugua. Mate yalimtoka mpaka kanga ya mama yake ikaloa, tumbo likamkata, macho yakawa yanatoa machozi bila yeye kulia. Hospitalini walimpa dawa ya malaria, akapata nafuu, akarudi, akaugua tena. Mama Kulwa hakulala. Alimpikia uji mwepesi wa maji matamu, akamnywesha kijiko kwa kijiko, akinong'ona "ng'wanone, ng'wanone", mwanangu. Nilikuwa naisikia sauti hiyo kupitia dirishani na nilijua anamwona Doto. Mvua zilipokatika Shija akanenepa, tukamshukuru Mungu, kila mtu kwa dini yake.

Kiangazi kile kilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyokaa Bariadi. Pipa lilikuwa kavu, kwa hiyo furu wangu wa tatu waliishi katika maji ya chumvi tupu, nami nikafuata maagizo, jagi moja, ngoja, jagi moja, ngoja. Hakufa hata mmoja. Dume likashika jiwe lake likawa linafukuza wengine. Kisha jike kubwa likaacha kula. Koo lilimvimba, mdomo akaufunga, na mimi kwa ujinga wangu nilikuwa tayari kumtoa nimpanue mdomo kwa kijiti cha kibiriti nione kilichomkwama. Mushi akanipigia kelele kwenye simu nisithubutu. Akasema amebeba watoto mdomoni, na hatakula mpaka wakue. Siku alipowaachia, Shija alikuwa amekaa mbele ya kioo. Vikatoka vitu vidogo kama mbegu za ufuta, vikaogelea kidogo, Shija akapiga makofi, na vyote vikarudi mdomoni kwa mama yao. Mama Kulwa aliitwa aje kuona. Alisimama akiwa na mwiko mkononi, akatazama muda mrefu, kisha akasema kwa Kisukuma jambo ambalo sikulielewa, na aliporudi jikoni nikasikia anapenga kamasi.

Mvua za Novemba zilikuja na ngurumo. Pipa likajaa kwa usiku mmoja, watu wakafurahi, na kabla ya wiki kwisha Shija akaanza kutokwa na mate. Sasa maneno ya jikoni yalibadilika. Nilisikia jirani akiuliza, kwa sauti ya mtu anayejua nitasikia, huyo mwalimu amewafungia viumbe wa ziwa kwenye kioo kwa kazi gani. Mwingine akasema tangu kile kioo kiingie, mtoto hana afya. Hakuna aliyekumbuka kwamba Doto alikufa kabla sijaijua hata njia ya kuja Bariadi. Au walikumbuka wakaona haiwafai. Mama Kulwa alipelekwa na shemeji yake kwa mganga, na mganga akasema vile viumbe vinalia ndani ya chumvi, vinadai maji yao. Baba Kulwa alikuja kutoka Zagayu, akakaa kwenye kigoda mlangoni pangu bila kuingia. Hakunifokea. Aliniambia, huku akitazama mikono yake, kwamba yeye ni mtu aliyekwisha kuzika, hawezi tena, na kwamba akirudi mwisho wa juma asikute vile vitu, na ikibidi asinikute na mimi. Nilitaka kumjibu jeuri. Nilimtazama usoni, nikasema nimesikia.

Siku ya pili Mama Kulwa alinigongea na jagi la maji matamu. Alikuwa hajachana nywele. Aliniomba niwape samaki kidogo tu, jagi hilo moja, huenda roho zao zikatulia. Nikaona hakuna ubaya, jagi moja ndicho kipimo changu. Nilimimina mbele yake. Nilikuwa nimemtenga jike kubwa kwenye ndoo ya maji ya chumvi pamoja na samaki kijana mmoja aliyekuwa anaonewa na dume, na hao sikuwagusa. Nikaenda kufundisha. Niliporudi kwa chakula cha mchana, tangi zima lilikuwa linazunguka. Walikuwa wanagonga kioo, wanalala ubavu, wanainuka, wanalala, kama wale wa kwanza, kama wale wa pili. Nilikaa kitandani na chaki bado mkononi. Sabuni haikuwapo. Ugali haukuwapo. Maji hayakumwagwa yote. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika, na mtu mmoja tu katika nyumba ile alikuwa anayanywa maji matamu kila asubuhi na kila jioni katika uji wake.

Nilitoka nikaenda kuinama kwenye pipa. Jua lilikuwa limelipiga, na harufu ilinipanda puani, nyembamba, harufu niliyoijua kutoka mashamba ya barabarani wakati wa kupulizia dawa. Nikamwuliza Mama Kulwa pipa hili lilikuwa la nini kabla. Alinijibu bila kusita, huku akimpangusa Shija mdomo, kwamba lilikuwa la dawa ya pamba, kwani mapipa yote si ya dawa, lakini mumewe alilisugua kwa majivu na sabuni, akalianika kutwa, akalisugua tena. Hakuona ubaya, na ningemlaumu vipi? Nusu ya mapipa ya mtaa ule yalitoka huko huko. Nikamwambia maji haya yana sumu. Akanitazama kwa huruma. Mimi nilikuwa mwalimu aliyeua samaki tangu Januari, na sasa nimeambiwa nihame, nani angeniamini?

Kwa hiyo nikafanya jambo ambalo mpaka leo mikono inalikumbuka. Niliweka mabeseni mawili uani, moja nikatia maji ya bomba, jingine maji ya pipa, nikamwomba akae kwenye mkeka na asiondoke. Samaki hai nilikuwa nao wawili tu. Nikimtia kijana kwenye maji matamu wangesema amekufa kwa udogo wake, kwa hiyo nilimtia jike, yule mwenye nguvu, ambaye nilimpenda kwa upuuzi wa kumpenda samaki. Mwanzoni alikaa tu. Mama Kulwa akaanza kuniambia maneno ya kunifariji. Kisha jike likatetemeka, likaruka, likazunguka upande mmoja, na mdomo ukafunguka. Wallahi sikujua kwamba alikuwa amebeba tena. Aliwatema wote, wale wadogo, kwenye maji yale, wakatawanyika wakianza kuzunguka nao, na kila alipojaribu kuwarudisha mdomoni alipinduka.

Mama Kulwa hakupiga kelele. Alimtazama Shija aliyelala mkekani na mate yakimtiririka, akatazama beseni, akamtazama tena Shija. Ndipo nilipoona uso wake unakwenda mahali pengine, kwenye mvua za mwaka ule mwingine, kwenye chupa ya uji. Mimi nilikuwa nimemfikiria Shija tu. Haki ya Mungu, Doto hakuwa amenijia akilini. Aliinuka, akalisukuma pipa kwa mikono miwili mpaka likaanguka kutoka kwenye matofali, maji yakajaa uani yakatulowesha miguu, akambeba Shija akaingia ndani. Nilibaki peke yangu na beseni. Jike lilikufa upesi. Wale wadogo hawakufa upesi. Sikuweza kuwamwaga wakiwa hai wala sikuweza kuwaokoa. Nilijaribu kuwahamishia kwenye maji ya chumvi kwa kijiko na wakaendelea kuzunguka humo humo. Wa mwisho alitulia baada ya adhana ya alasiri.

Jioni alikuja chumbani kwangu, akafunga mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa ameshamwambia daktari kuhusu dawa ya pamba, nilimlazimisha kwa hilo, na daktari alimbadilishia Shija matibabu. Aliketi kwenye sanduku langu la bati. Akasema, "Mwalimu, Baba Kulwa ndiye aliyelinunua lile pipa. Akijua limemuua Doto, safari hii hawatamwahi." Akaniomba nisiseme, si kwa mumewe, si kwa mtu yeyote ambaye maneno yangeweza kumfikia, mpaka mwenyewe afe. Nikamwuliza, na mimi je? Akasema samahani. Nikakubali. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, sikujua nimekubali nini.

Nilijua baada ya siku chache. Baba Kulwa aliporudi aliambiwa kwamba samaki wametupwa na mtoto ameanza kupona, na pipa nimelipasua mimi nikitoa kioo changu. Shija alipona kweli, tena haraka, na kila alivyonenepa ndivyo mimi nilivyozidi kuwa mtu mbaya. Mtaani nikaitwa mwalimu wa majini. Wanafunzi walinyamaza nikipita. Kulikuwa na kijana wa benki aliyekuwa akinisalimia kwa upole unaoelekea mahali, naye akaanza kuvuka barabara akiniona. Nilihamia upande wa pili wa mji, baadaye nikaomba uhamisho, na uvumi ukanifuata hadi kituo kilichofuata, maana watumishi husafiri na maneno. Nilichoweza kufanya ni kimoja: katika kila darasa nililofundisha tangu hapo, katikati ya ukoloni na biashara ya pembe, nimewaambia watoto wasikinge maji kwenye mapipa ya dawa. Wamekuwa wakicheka wakidhani nimechanganyikiwa. Sijawahi kuwaambia kwa nini.

Nilifika msibani watu wakiwa wamerudi kutoka makaburini. Shija alinipokea mzigo, mrefu, ana mashavu ya mama yake, na mtoto mgongoni. Nilimtazama nikasahau neno la kwanza la yale niliyojipangia. Wanawake kwenye mikeka walisogeana kunipisha, na wawili watatu wenye umri wangu walinong'onezana; nikajua bado wananikumbuka na kwa jina gani. Hasira ikanirudia safi. Mama Kulwa alikuwa amezeeka kuliko nilivyotarajia. Aliniamkia kwa Kisukuma, nikaitikia sawasawa, akatabasamu kidogo, kisha akaomba asaidiwe kuinuka na akaniongoza nyuma ya nyumba, tukaketi kwenye benchi, hatuonekani na mtu.

Akasema mumewe amekufa hajui. Akalisema kama mtu anayetoa taarifa ya kazi aliyoimaliza. Akasema kesho, watu wakiwa bado wapo, atawaambia wote, na Shija atakuwa wa kwanza, kwamba mimi ndiye niliyemwokoa. Kwamba amekuwa akiniombea kila siku na anajua haitoshi. Nikamwambia kweli haitoshi. Akasema ndiyo. Nilikuwa nakusanya yale mengine, yale ya njiani, ndipo aliponishika kifundo cha mkono.

"Kuna jambo sikuweza kumwuliza mtu," akasema. "Siku ile nilipoingia ndani, wewe ulibaki. Wale wadogo aliowatema. Walichukua muda?"

Nilimtazama yule mwanamke aliyekimbia nyumbani kupika uji. Yale maneno yangu yote yaliniishia.

"Hapana, mayu," nikamwambia. "Walikwenda mara moja. Hata hawakuhangaika."

Akaniachia mkono.

"Basi na Doto hakuhangaika," akasema.

Nikasema ndiyo.